Ng'ombe wa Mjomba na Wale Wasiopiga Hodi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi, Sinza, kwenye mkutano wetu wa mwaka sisi tuliosoma shule moja, pamoja na wadogo zetu waliopita palepale baadaye. Mvua iliwazuia wengi, na wa Mbagala na Kigamboni walipiga simu kusema wamekwama njiani. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada zangu, na ninyi wanangu mlioketi karibu na mlango kama watu wanaosubiri daladala: wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata ambao hamjaamkia.

Nimepewa mada ya msomi na maadili. Nilipomuuliza Katibu kwa nini amenichagua mimi, akasema, "Mama, umekaa utumishi miaka mingi, umeona mengi." Hilo ni neno la heshima. Maana yake ni kwamba nimefanya mengi. Basi sitaanza na mafisadi wa magazetini. Wale wanatupendeza mno, maana tukiwatazama sisi wengine tunajiona malaika. Nitaanza na ng'ombe.

Mwaka 1971 nilichaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Baba alikuwa ameshafariki. Kwetu Upareni mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na ng'ombe watatu, akauza mmoja. Wanangu, msidhani aliuza ili alipe ada. Ada haikuwapo. Shule ya Serikali ilikuwa bure: darasa bure, kitanda bure, ugali na maharage bure, hata safari tulipewa waranti. Ng'ombe yule alinunua sanduku la bati, blanketi mbili, viatu vya Bata na sweta. Kilichobaki mama alikifunga kwenye pindo la khanga. Nikaondoka.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1988, mjomba akapiga hodi kwangu Ilala, alfajiri, ametoka kushuka basi. Mkononi ana jogoo aliyefungwa miguu, begani kiroba cha maharage, na nyuma yake kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. Tukanywa chai. Akawaulizia watoto, akamuulizia baba yao. Halafu akasema: "Mpwa wangu, huyu ni mdogo wako. Ng'ombe wa kuuza sina tena. Nimebaki na wewe."

Nawauliza, ndugu zangu: hapo uovu uko wapi? Mjomba ametoa rushwa? Yule jogoo ni mlungula? Mtu aliyenivika viatu amekuja kuniomba mwanawe apate viatu. Ukimfukuza mtu huyo, kwa mila zetu wewe ndiye mwovu, na mila hazijakosea.

Nilikuwa afisa utumishi katika shirika moja la umma. Nafasi za makarani zilikuwa 4. Baada ya usaili majina yalipangwa kwa alama, na binamu yangu alikuwa wa 7. Hakuwa mjinga. Alifanya vizuri, ila sita walifanya vizuri kumzidi. Kazi ya kuichapa orodha ilikuwa yangu. Nikachomoa karatasi kwenye taipureta, nikaingiza nyingine, nikachapa upya. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Aliyekuwa wa 4 alikuwa msichana, anuani yake ni S.L.P. ya shule ya msingi huko Shinyanga. Nadhani alitumia ya mwalimu wake. Barua ya "tunasikitika kukujulisha" niliitia saini mimi.

Miaka ile mishahara yetu haikufika tarehe 10. Nusu ya watumishi wa mji huu tulikuwa tunafuga kuku wa kisasa uani ili mwezi uishe. Lakini leo sitajificha nyuma ya kuku. Nilichokifanya sikukifanya kwa njaa. Nilikifanya kwa upendo, na ndiyo maana nililala usingizi mzuri. Nilipokwenda likizo nyumbani nilipokewa kwa vigelegele. Mzee mmoja akawaambia watoto: "Someni, muwe kama huyu."

Nilichelewa sana kujiuliza swali jepesi: ng'ombe wa mjomba alilipia nini hasa? Alilipia sanduku na blanketi. Na kitanda nilichoitandika ile blanketi, alikilipia nani? Mwalimu wa hesabu alilipwa na nani? Na baadaye Chuo Kikuu, pale Mlimani, miaka mitatu sikutoa hata senti, nani alitoa? Nchi ilikuwa inauza pamba, kahawa, mkonge, korosho. Mkulima wa pamba aliuza kwa bei aliyopangiwa, kilichokatwa kikaenda kujenga nchi, na sehemu mojawapo ya hiyo nchi iliyojengwa ndiyo mimi hapa. Naye aliuza ng'ombe. Ila hakujua kama ameuza, na mimi sikulijua jina lake. Hakupiga hodi. Mkulima wa korosho wa Newala hakupiga hodi. Mkata mkonge wa Korogwe hakupiga hodi. Mwenye kahawa wa Karagwe hakupiga hodi. Aliyepiga hodi ni mmoja, mwenye jogoo, anayelijua jina langu la utotoni. Nikamlipa yeye kwa haki ya watoto wa wale wengine.

Na mmoja wao, mkumbuke, alijaribu kupiga hodi. Alipiga kwa barua, kutoka Shinyanga.

Mada yangu yote ni hiyo. Anayewahi pilau anaweza kutangulia.

(Watu walicheka, hakuna aliyetoka.)

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao msomi wa rika langu aliusikia mpaka akauzoea. Kijiji kina njaa. Watu wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano mzito, nami nauheshimu. Nina ugomvi nao mmoja tu: yule mtu hana mjomba. Anarudi na gunia lake, na kijiji kizima kinamngoja kama mtu mmoja. Sisi tunarudi tukiwa na gunia, na wa kwanza kutupokea njiani ni mama mzazi. Mama hadanganyi, ana njaa kweli. Gunia linafunguliwa palepale njiani. Kabla hujafika kwenye mti wa mkutano limebaki nusu, na hakuna hata mmoja aliyekula ambaye unaweza kumwita mwizi.

Tusidhani mtanziko huu tumeuanza sisi. Mwaka 1955, pale Pugu, mwalimu mmoja mwenye shahada ya Edinburgh aliambiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha mshahara. Hiyo tunaisimulia kila mwaka. Tunachokisahau ni kwamba chama alichokwenda kukitumikia kilikuwa kimebebwa na watu wasio na shahada yoyote. Bibi Titi Mohamed alikuwa na elimu ya darasa la nne, na ndiye aliyewaingiza akina mama wa mji huu TANU kwa maelfu, kupitia vikundi vyao vya ngoma. Basi Uhuru ukaja. Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba Mwingereza alituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Ofisi zilikuwa zinataka watu wenye vyeti. Nani aliingia? Wacheza lelemama? Mji huu mkoloni aliugawa mafungu matatu: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo. Sisi tuliosoma hatukuichana ile ramani. Tulihamia. Mtaani wakacheka, wakaiita naizesheni, yaani kurithi nafasi za Wazungu, na kejeli ile tuliistahili.

Sasa njooni tarehe 22 Oktoba 1966.

Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu, wamevaa majoho yao, waliandamana mpaka mjini kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka wahitimu watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Walibeba mabango. Bango moja lilisema afadhali wakati wa mkoloni. Miaka mitano tu baada ya Uhuru! Mwalimu aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawaka. Karibu 400 walifukuzwa, wakarudishwa makwao. Wengi walirudi masomoni baadaye.

Hadithi hii huwa tunaikatia hapo: wasomi wabinafsi, Rais mwadilifu, kwisha. Nawaomba tuirudie polepole. Vijana wale walikuwa na hoja. Walikuwa wanauliza: kwa nini kujinyima kuanze na sisi tusiokuwa na kitu bado, na wakubwa waendelee kuneemeka? Na Mwalimu, katikati ya hasira, akaikubali hoja. Alisema mshahara wake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, katika nchi maskini kama hii, akaupunguza palepale kwa asilimia 20. Ya mawaziri nayo ikaguswa. Yaani alikubali kwamba wamesema kweli, na akawafukuza. Mimi nikifika hapo huwa nacheka, kicheko kisichokuwa na furaha.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, Zanzibar, miiko ile ililegezwa. Mnakumbuka ngoma zilizopigwa kulipokea Azimio la Arusha? Watu walitembea kwa miguu mikoa kwa mikoa kuliunga mkono. La Zanzibar nani alilitembelea? Lilipita kama mtu anayepita msibani bila kusalimia.

Nani alikuwa sahihi mwaka 1966? Jibu langu nimelibadilisha mara tatu. Nikiwa msichana nilikuwa upande wa Mwalimu. Nilipokuwa na watoto wa kusomesha nikawa upande wa wanafunzi. Leo naona pande zote mbili zilibishana juu ya mshahara, na mshahara ndio sehemu nyepesi. Asilimia 20 unaikata kwa kalamu. Miiko unaiandika kwenye karatasi. Lakini katika ile miiko yote, tafuteni, hakuna mwiko unaomhusu mjomba. Waliona hisa, wakaona nyumba, wakaona mishahara miwili. Aliyesimama mlangoni na jogoo hawakumwona.

Ngoja niguse maneno, maana hapa wasomi tuna dhambi yetu peke yetu.

Mwizi wa kuku akikamatwa anasema nilikuwa na njaa. Hana msamiati. Msomi, akishindwa kulikataa jambo, hulitafutia jina. Mtaani wana "chai" na "kitu kidogo", na angalau majina hayo yanajicheka yenyewe. Sisi tuna "motisha". Tuna "uwezeshaji". Tuna "posho ya kikao" kwa kikao ambacho ni kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mmeisahau takrima? Neno zuri kabisa, la ukarimu, la kumkaribisha mgeni. Mwaka 2000 likaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura. Ilibidi watu waende Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikasema vifungu hivyo vinavunja Katiba. Sasa jiulizeni: nani aliviandika? Havikuandikwa na mwenye genge la nyanya pale Manzese. Viliandikwa na watu waliosoma sheria kwa fedha za wenye magenge ya nyanya.

Nina kisa. Ofisini kwetu alikuja kijana mpya, mnyamavu. Akapelekwa warsha Morogoro, siku tano. Warsha ikaisha siku ya tatu mchana, kama warsha zetu nyingi. Wenzake wakabaki mjini, wengine wakarudi Dar kimya kimya. Yeye Jumatatu akaenda kwa mhasibu kurejesha masurufu ya siku mbili. Mhasibu akamkodolea macho, akauliza: "Kijana, unataka wenzako waonekane wezi?" Mnaona swali lilivyogeuka? Hakuulizwa kama fedha ni zake. Aliulizwa kuhusu wenzake, kuhusu kumwaibisha mkuu wake aliyesaini siku tano, kuhusu kuvunja umoja. Akazirudisha mfukoni. Nilikuwepo, nasubiri kusainiwa karatasi zangu. Nilitazama dirishani.

Tume ya Jaji Warioba, mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ndogo ya anayetafuta kujazia mshahara na rushwa kubwa ya mwenye tamaa. Ripoti ile ilikuwa kazi ya maana. Ila mimi ningeongeza fungu la tatu, la watu kama mimi: wasiokuwa na njaa, wasiokuwa na tamaa, walioona haya kukataa. Ni wengi kuliko mafungu mengine yote, na humu ukumbini tumejaa.

Lugha nitaipitia haraka, maana muda unakwisha na Mwenyekiti ameanza kutazama saa.

Jirani yangu, mama anayekaanga samaki, aliniletea mkataba wa mkopo, hii mikopo mnayoiita kausha damu. Kurasa sita, Kiingereza kitupu. Alikuwa ameshasaini kila ukurasa. Katika ukoo wetu kuna kijana mwanasheria ambaye kazi yake ni kuandika mikataba ya namna hiyo, nikampigia simu. "Mwanangu, kwa nini hamwandiki Kiswahili? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na nyie bado mnaandika hivi?" Akacheka kwa adabu. "Shangazi, wakielewa hawatasaini."

Kabla hamjamlaani: Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa lile bumu alilokula chuoni, na mdogo wake yuko kidato cha tano, na ada ni yeye. Ana mjomba wake, amepiga hodi. Yule mama wa samaki hana namba yake ya simu.

Sasa nirudi kwa mjomba wangu, nimalize.

Alikuja tena mwaka 1994, na kijana wa pili, na jogoo mwingine. Safari hii nilikataa. Nilisema maneno yote mnayoyafikiria: taratibu, haki, watu wengine. Nikamwambia nitamlipia kijana chuo cha ufundi, fani ya umeme, kwa mshahara wangu mwenyewe, hadi amalize. Na nilikuwa nasema kweli. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa mtu, na huyu si mtu?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Maana nilikuwa nimeshamfundisha mwenyewe mwaka 1988 kwamba mlango unafunguka. Uadilifu wangu ulikuwa umechelewa miaka sita, na gharama yake ilikuwa inamwangukia mtu ambaye hakukosea chochote zaidi ya kuzaliwa wa pili. Mjomba akasimama, akamfungua jogoo kwenye mguu wa meza, akamkwapa, wakaondoka na kijana wake. Jogoo akarudi Upareni. Wazee mnajua uzito wa zawadi kurudi na mwenyewe, vijana waulizeni.

Alifariki mwaka 2003. Nilikwenda na rambirambi nzito, nimebeba mchele na sukari. Wanawake wa ukoo walikuwa jikoni wanamenya ndizi, nikajifunga khanga nikaenda. Hakuna aliyenipa kisu. Nikatandikiwa mkeka, nikakaa na wageni. Mzee aliyekuwa anasoma majina ya waliofika aliponifikia alisema: "Pia tunaye mgeni wetu kutoka Dar es Salaam."

Yule binamu wa kwanza, mkitaka kujua, alikuwa karani mzuri sana. Hakuiba hata kalamu. Amestaafu na kiinua mgongo chake. Kisa changu kingekuwa rahisi kukisimulia kama angekuwa mwizi.

Jumanne iliyopita binti yake amenipigia simu. Amemaliza shahada, ana miaka mitatu yuko nyumbani. Ananiita shangazi, ana sauti ya babu yake. Alikuwa amesikia kuhusu mkutano huu, na amesikia kwamba fulani atakuwepo, mwenye nafasi kubwa mahali fulani. Fulani huyo tunaye humu ndani, anajijua, asijifiche. Binti anataka niseme neno moja tu, vyeti vyenyewe vitajieleza. Na kweli vinajieleza, nimevisoma vyote, ni vizuri kuliko vyangu.

Bahasha yake iko kwenye huu mkoba chini ya kiti changu. Nimeibeba kutoka nyumbani kwa mkono wangu, nikijua ninakuja kuzungumza na ninyi juu ya nini. Na chakula kinaliwa hapahapa, tukiwa tumekaa pamoja.

Mwenyekiti, ahsante. Naomba nikae.